Vinanda Vilivyoachwa Njiani: Namna ya Kuusikiliza Muziki wa Sintesaiza wa Miaka ya 1980

Wageni wangu wakiisikia Dazzle Ships kwa mara ya kwanza huniuliza kama redio imepoteza kituo. Siwalaumu. Albamu hiyo ya Orchestral Manoeuvres in the Dark, au OMD kama wengi wanavyoliita kundi hilo, inafunguka kwa mlio wa utambulisho wa Redio Prague. Baadaye huja saa zinazotaja wakati kwa lugha mbalimbali, huja milio ya vyombo vya baharini, na nyimbo zenyewe hupenya katikati ya vurugu hiyo kama mtu anayevuka barabara yenye magari mengi. Ilitoka mwaka 1983, na wengi walioipenda albamu iliyoitangulia waliikimbia. Mimi ndiyo iliyonifundisha kusikiliza, na mwongozo huu wote umetoka humo.

Muziki ninaouzungumzia ni ule ambao sintesaiza, yaani kinanda kinachoumba sauti zake kwa umeme, na mashine ya ngoma vimechukua nafasi ya gitaa na dramu. Vibao vyake vichache kila mtu anavijua: "Take On Me" wa a-ha, "Sweet Dreams" wa Eurythmics, "Don't You Want Me" wa The Human League. Nyuma ya hivyo kuna mamia ya nyimbo ambazo hazipigwi tena popote. Zilisukumwa kando kwa tuhuma moja, kwamba ni muziki baridi, wa mashine, usio na mtu ndani yake. Mwaka 1982 tawi moja la London la chama cha wanamuziki wa Uingereza lilifikia hatua ya kupitisha azimio la kutaka sintesaiza na mashine za ngoma zizuiwe, kwa hofu kwamba zitawanyima wapigaji ajira. Azimio halikuwa sera ya chama kizima, lakini dharau iliyokuwa nyuma yake ilidumu. Nimeishi na nyimbo hizi miaka mingi, na ninachokisikia ndani yake ni watu: vijana waliokopa pesa wakanunua chombo wasichokijua, wakakaa nacho chumbani mpaka kikasema walichotaka kusema. Kazi yako ni kuwatafuta humo.

Hatua ya kwanza: ipate besi

Spika ya simu haifai. Haiwezi kutoa sauti za chini, na katika muziki huu nusu ya wimbo iko chini. Besi ya sintesaiza ndiyo inayotembea, ndiyo inayojibu sauti ya mwimbaji, na mara nyingi ndiyo lahani ya pili. Ukiikosa utabakiwa na vinanda vyembamba vinavyolia juu, kisha utasema, kama walivyosema wengine, kwamba muziki huu hauna mwili. Tumia hedifoni zinazofunika masikio au redio kubwa ya nyumbani. Hata ile ya zamani ya kaseti, ikiwa bado inaunguruma, ni bora kuliko simu.

Angalia pia ni toleo gani unalosikiliza. Baadhi ya matoleo yaliyosafishwa upya miaka ya karibuni yamepandishwa sauti kila mahali, hata pale mtunzi alipotaka pawe kimya. Ukikuta matoleo mawili ya albamu moja, sikiliza dakika mbili za kila moja na uchague lile linalokuacha upumue.

Hatua ya pili: zijue mashine nne kwa sauti zake

Huhitaji kuwa fundi. Lakini anayejua tofauti ya udi na kanuni husikia mengi zaidi katika taarabu, na hapa ni vivyo hivyo.

Ya kwanza ni Minimoog, ya Marekani, iliyotoka mwaka 1970. Ndani yake umeme hutikisika kwa kasi. Ukitikisika mara 440 kwa sekunde, spika hutoa ile noti ambayo wanamuziki wengi huitumia kulinganishia vyombo. Sauti hiyo ghafi hupitishwa kwenye chujio. Ukitaka kuelewa chujio linafanya nini, tamka "uu", kisha bila kukata pumzi ufungue mdomo polepole mpaka ufike "aa". Noti haikubadilika. Kilichobadilika ni mwanga wa sauti, kwa sababu mdomo umeziachia zile sauti za juu ulizokuwa umezifungia. Sintesaiza hufanya hivyo kwa kitufe cha kuzungusha, na ukishaijua "uu-aa" hiyo utaisikia kila mahali.

Minimoog ina jambo jingine kubwa: hutoa noti moja tu kwa wakati mmoja, kama nzumari. Aliyetaka noti tatu zilie pamoja ilibidi azirekodi moja moja kwenye utepe. Ndiyo maana nyimbo za mwanzo za muziki huu zimefumwa kwa nyuzi nyembamba zinazopishana badala ya kumiminwa kama gitaa. Wengi husikia wembamba huo kama umaskini. Mimi nasikia ususi wa mkeka: kila ukindu unaonekana.

Ya pili ni Roland TR-808 ya Japani, mashine ya ngoma ya mwaka 1980. Sauti zake zote huundwa na saketi za umeme, hazikurekodiwa kutoka ngoma yoyote. Ya tatu ni Linn LM-1 ya Mmarekani Roger Linn, ya mwaka huohuo, na hii ni kinyume chake: ndani yake mna sauti za dramu halisi zilizohifadhiwa kwenye chipu. The Human League waliitumia kwenye albamu yao Dare ya mwaka 1981. Ukiweza kutofautisha pigo la 808, ambalo ni la mviringo na linazama, na lile la Linn, kavu kama mlango wa mbao ukigongwa, umeshapiga hatua kubwa.

Ya nne ni Yamaha DX7 ya mwaka 1983. Ni ya kidijitali, ina sauti za kengele na piano za kioo, na kuiumbia sauti mpya ni kazi ngumu hivi kwamba wanamuziki wengi walizitumia sauti zilizokuja nayo kutoka kiwandani. Kwa maoni yangu hapo ndipo mambo yalipoanza kufanana. Ukitaka hazina zilizosahaulika, chimba zaidi kati ya 1978 na 1983.

Hatua ya tatu: wimbo mmoja, mara tatu

Chukua "Living on the Ceiling" wa Blancmange, wa mwaka 1982. Uingereza ulipanda hadi kumi bora, kwa hiyo wakati wake haukupuuzwa. Baadaye ndipo kundi lilipofifia mpaka likabaki jina tu.

Mara ya kwanza fuata besi peke yake. Usiruhusu sikio liende kwa mwimbaji. Mara ya pili fuata midundo, na hapa pana zawadi: kando ya mashine ya ngoma kuna tabla halisi, iliyopigwa na Pandit Dinesh, na sitar ya Deepak Khazanchi. Sikio lililokulia pwani, penye filamu za Kihindi na taarabu ndani ya nyumba moja, litaitambua tabla mara moja. Isikilize inavyobishana na mashine. Mashine haichelewi kamwe. Vidole vya mpiga tabla vinatangulia kidogo, vinarudi kidogo, na wimbo unacheza katika pengo hilo. Mara ya tatu ndipo umsikilize Neil Arthur anavyoimba, kwa sauti ya mtu aliyefika mwisho wa subira yake.

Fanya hivyo kwa kila wimbo mpya kwa wiki mbili tatu. Baadaye sikio litajigawa lenyewe.

Hatua ya nne: keti na albamu iliyoanguka

Sasa rudi kwenye Dazzle Ships. Hapa usiharakishe.

OMD walitoka upande wa pili wa mto, mkabala na Liverpool. Andy McCluskey na Paul Humphreys walianza wakiwa vijana, na kufikia mwaka 1981 albamu yao Architecture & Morality ilikuwa imewafanya nyota barani Ulaya. Kila mtu alingoja warudie. Badala yake walitoa albamu ya kama dakika 35, yenye nyimbo kumi na mbili, baadhi zikiwa si nyimbo kwa maana ya kawaida. Jina lake lilitokana na meli za Vita Kuu ya Kwanza zilizopakwa mistari na pembe za rangi zinazopingana, ili nahodha wa manowari ya adui ashindwe kukisia zinaelekea wapi na kwa kasi gani. Edward Wadsworth alichora meli za aina hiyo zikiwa kwenye gudi la Liverpool, mwaka 1919. Nitakaposema usikilize, ikumbuke picha hiyo: kitu kilichopakwa rangi kali kisionekane vizuri.

Kwetu tuliokua na redio ya mawimbi mafupi, albamu hii ina mlango ambao wasikilizaji wengi wa Ulaya leo hawaujui tena. Unazungusha kitufe usiku ukitafuta Idhaa ya Kiswahili ya BBC au Deutsche Welle, na njiani unapita kwenye sauti za nchi usizozijua: mlio wa utambulisho unaorudiwa, mtu anasoma habari kwa lugha ya mbali, mluzi unapanda na kushuka, kisha kimya. OMD waliisikia dunia hivyohivyo. Wakati huo Ulaya ilikuwa imegawanyika, na mlio wa Prague ulikuwa unatoka upande wa pili wa pazia. Kwenye "Time Zones" wamechukua saa za simu za nchi mbalimbali na kuzipandisha moja juu ya nyingine. Hakuna anayeimba. Ni watu wanaotangaza wakati, kila mmoja wa kwao, kwa pamoja. Nilipousikia mara ya tano ndipo niliposhtuka kwamba nilikuwa nikisikiliza kwaya.

"Genetic Engineering" una sauti ya kidude cha kufundishia watoto tahajia, kilichofanywa kiimbe. "International" unaanza kwa taarifa ya habari kuhusu msichana wa Nicaragua aliyekatwa mikono, kisha wimbo wenyewe unaingia taratibu, mzuri mno, na uzuri wake unauma kwa sababu ya kilichotangulia. Anayesema muziki huu hauna moyo nimwekee huo peke yake.

Utaratibu ninaoupendekeza ni huu. Siku ya kwanza sikiliza albamu yote bila kusimama, usiku, taa ikiwa imezimwa. Usijaribu kuipenda. Siku ya pili sikiliza tatu tu: "Telegraph", "The Romance of the Telescope" na "Of All the Things We've Made". Hizi ni lahani zilizo wazi, zitakupa pa kushika. Siku ya tatu rudia yote. Utagundua kwamba vile vipande vya kelele vimepata kazi: vinaandaa sikio, kama dakika za kunyamaza kabla mzee hajaanza kusimulia. Singo ya "Telegraph" haikufika hata arobaini bora za Uingereza, na kundi, baada ya kushtushwa na mauzo, lilirudi kwenye nyimbo nyepesi zaidi. Nadhani walipoteza kitu ambacho hawakukipata tena.

Hatua ya tano: soma majina madogo

Kwenye jalada, chini ya majina ya nyota, pana maandishi madogo ya prodyuza, fundi mitambo na wapigaji wageni. Hayo ndiyo ramani. Mfano mmoja unatosha. Ukisoma nyuma ya Vienna ya Ultravox, ya mwaka 1980, utakuta jina la Conny Plank, Mjerumani aliyekuwa na studio yake karibu na Cologne. Lifuate. Litakurudisha hadi Autobahn ya Kraftwerk ya mwaka 1974, na litakupeleka mbele hadi In the Garden ya mwaka 1981, albamu ya kwanza kabisa ya Eurythmics, ambayo haikuingia kwenye chati za Uingereza. Annie Lennox anaimba humo kwa sauti ya chini, karibu ya kunong'ona, na miongoni mwa waliompigia ni Holger Czukay na Jaki Liebezeit wa kundi la Can. Miaka miwili baadaye "Sweet Dreams" ilikuja na kuifunika. Wanaojua "Sweet Dreams" kwa moyo na hawajawahi kuisikia In the Garden ni wengi mno, na ni haki yao kuisikia.

Kuwa na daftari. Andika jina, mwaka, nani alirekodi, na kitu kimoja tu ulichokisikia. "Besi inajibu" ni maandishi ya kutosha.

Hatua ya sita: jifunze kungoja

The Blue Nile wa Glasgow walitoa albamu nne tu: 1984, 1989, 1996 na 2004. Anza na ile ya kwanza, A Walk Across the Rooftops. Ilitolewa na lebo ya kampuni ya Linn ya hukohuko Glasgow, watengenezaji wa mashine za santuri, wasiohusiana na yule Roger Linn wa mashine ya ngoma. Nimeona watu wakiwachanganya mara nyingi. Ina nyimbo saba. Sehemu kubwa ya kinachokufurahisha humo ni nafasi tupu: pigo moja, kimya, noti ndefu ya kinanda kama taa za barabarani zikionekana kupitia mvua, kisha sauti ya Paul Buchanan iliyochoka na isiyokata tamaa. Usiisikilize ukiwa unaosha vyombo. "Tinseltown in the Rain" ndio mlango rahisi. Ukishaingia, nenda kwenye Hats ya mwaka 1989, ambayo naamini hakuna albamu ya vinanda iliyo ya upole kuishinda.

Hatua ya saba: toka Ulaya

Ni kosa kudhani chombo hiki kilikuwa mali ya Waingereza. Yellow Magic Orchestra wa Tokyo walikuwa wameanza mwaka 1978, na albamu yao Technodelic ya mwaka 1981 imejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya sauti zilizorekodiwa na kukatwakatwa, wakati wengi duniani walikuwa hawajawahi kuigusa mashine ya kufanya hivyo.

Afrika nayo ilikuwamo. William Onyeabor wa Enugu, Nigeria, alitoa albamu nane kati ya 1977 na 1985, akirekodi na kutoa kazi zake kupitia kampuni yake mwenyewe, Wilfilms. Nyimbo zake ni ndefu, nyingine zinapita dakika kumi, na vinanda vyake vinacheka. Chukua "Good Name" wa mwaka 1983 na uufanyie zoezi la mara tatu. Utaona jinsi mashine ya ngoma isiyobadilika inavyomwachia mpiga kinanda uhuru wa kutangatanga. Aliacha muziki akashika dini, na kwa miaka mingi hakutaka kuuzungumzia. Dunia ilimgundua upya mwaka 2013 lebo ya Luaka Bop ya New York ilipokusanya nyimbo zake. Alifariki mwaka 2017. Francis Bebey wa Kamerun, mwandishi na mpiga gitaa aliyeishi Paris, aliziweka mashine za ngoma kando ya sanza, ile ala ya vyuma vya kubonyeza kwa vidole gumba ambayo kwetu huitwa malimba au ilimba. Mkusanyo wa kazi zake za umeme za 1975 hadi 1982 unapatikana, na sijapata kumwona mtu aliyeusikia akabaki amenuna.

Hatua ya nane: sauti moja, vitanda viwili

Zoezi la mwisho linamhusu mtoto wa Zanzibar. Freddie Mercury alizaliwa Unguja mwaka 1946, na kundi lake la Queen katika miaka ya 1970 liliandika kwenye majalada ya albamu zake kwamba hakuna sintesaiza iliyotumika. Lilikuwa jambo la kujivunia. Walikuja kubadilika mwaka 1980 kwa albamu The Game. Mwaka 1985 Mercury alitoa albamu yake binafsi, Mr. Bad Guy, iliyorekodiwa Munich, iliyojaa vinanda, na ambayo mashabiki wengi wa Queen waliipokea kwa mabega yaliyopandishwa.

Humo mna "I Was Born to Love You". Baada ya kifo chake wenzake waliichukua sauti ileile, wakaiwekea gitaa, besi na dramu zao, wakaitia kwenye albamu ya Queen ya mwaka 1995, Made in Heaven. Hivyo una jambo la nadra sana: mwimbaji mmoja, uimbaji mmoja, na wimbo umelazwa juu ya vitanda viwili. Sikiliza wa 1995 kwanza, kwa sababu ndio unaokubalika kirahisi. Kisha wa 1985. Angalia tu kwamba albamu ile ilichanganywa upya mwaka 2019, kwa hiyo tafuta singo ya wakati ule ikiwezekana.

Gitaa zikiondoka, sikiliza kinachotokea kwa sauti ya Mercury. Hana tena wa kushindana naye kwa nguvu. Vinanda vinamzunguka, vinametameta, vinamwachia katikati yote, na zile pumzi anazovuta kabla ya kupanda juu, ambazo kwenye toleo la Queen zimefunikwa, zinasikika moja moja.